Vifungo vya Akiba

Jumatatu, 6 Mei

Tarehe nimeiandika kwa kalamu nyekundu. Siku kubwa! Kiti changu kinarudi.

Kiti chenyewe ni kile cha dirishani, mkono wa kushoto umepasuka na sponji inachungulia. Ukikaa pale unaiona barabara yote mpaka kwa kinyozi, na redio unaifikia bila kuinuka. Kilikuwa changu tangu tuoane. Kisha Mama mkwe akaja kukaa wiki moja tu, paa lake likitengenezwa. Paa likaisha. Akaenda kuliangalia, akaona nyumba imependeza, akaipangisha. Akarudi kwetu na sanduku la pili. Tangu hapo mimi ni mtu wa stuli.

Kumwambia neno siwezi. Mkwe ni mkwe. Halafu ni mkunga mstaafu, nusu ya mtaa huu imepita mikononi mwake, kinyozi mwenyewe akiwemo. Mtu aliyekuona siku ya kwanza ukilia huku huna hata nguo, utamwambia nini?

Leo wakati wa chakula cha jioni akatangaza. Chuo cha ufundi cha kina mama kimefungua kozi ya kutengeneza sabuni. Mwaka mzima. Wanafunzi wanalala bwenini. Bwenini! Nilikaribia kupaliwa. Alisema sabuni za wodini zilimla mikono miaka yote aliyofanya kazi, akatuonyesha viganja, vimekakamaa na kupasukapasuka. Anataka kabla hajafa atengeneze sabuni isiyomchubua muuguzi. Nikasema hilo ni wazo la heri, na jambo la heri halicheleweshwi.

Kuna mtihani wa kuingia, Jumamosi hii. Somo ni kemia. Hapo mke wangu akaweka kijiko chini, akasema mama hajasoma kemia hata siku moja, na asipopita itabidi angoje hapa hapa nyumbani mpaka mwakani.

Mpaka mwakani!

Nikajisikia nasema mimi nitamfundisha. Kemia kwangu, nikasema, ni kama kunywa maji. Mke wangu akanitazama kama anavyotazama sufuria asiyokumbuka kuibandika jikoni. Nikamkumbusha kwamba siku ya mwisho ya shule mwalimu wangu wa kemia alilia mbele yangu. Ni kweli tupu. Alikuwa akilia nini, hilo hakuuliza.

Mama mkwe akasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali nzuri. Sijui ilikuwa inamhusu nani.

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda kazini na kijitabu cha kemia, Mama alichopewa chuoni, ndani ya shati. Duka letu linauza vifungo, uzi na zipu. Ukuta mzima ni droo ndogo ndogo, na kila droo imeshonewa kifungo kimoja usoni ili ujue kilichomo. Mahali pametulia. Panamfaa msomi.

Nikasoma chini ya kaunta. Michoro ya nukta za elektroni. Kumbe si jambo kubwa! Kila atomu ina elektroni zake za nje, unazichora kama nukta kuizunguka herufi yake. Hidrojeni ina moja, kaboni nne, naitrojeni tano, oksijeni sita. Kila atomu inataka zitimie nane, isipokuwa hidrojeni, ambayo mbili zinaitosha. Hazinazo, basi zinashirikiana: hii inaleta moja, ile inaleta moja, jozi inakaa katikati, na zote mbili zinaihesabu kuwa yao. Nikafika hapo, nikafunga kitabu. Mwenye akili hahitaji kusoma mpaka mwisho.

Kisha akili ikafanya kazi yake. Nukta ni duara. Kifungo ni duara. Kumbe nimezungukwa na elektroni miaka yote hii, na nimekuwa nikiziuza kwa dazeni!

Nikavuta droo ya vifungo vyeusi vya shati na droo ya vyeupe. Tajiri, mwenye duka, akatokea stoo akauliza nafanya nini. Nikasema nahakiki mali. Tajiri aliguswa. Akasema mfanyakazi wa namna hii hajapata kumwona, basi nihakiki droo zote. Nimehesabu vifungo mpaka tunafunga duka. Vidole vimekufa ganzi.

Lakini jioni! Nikaweka sinia juu ya meza, nikaandika herufi kwa chaki, vyeusi vikawa elektroni za atomu hii, vyeupe za ile. Nilianza na hidrojeni mbili: cheusi kimoja, cheupe kimoja, katikati. Mama akasema ni kama wauguzi wawili waliobakiwa na glavu moja moja, wakishirikiana wana jozi. Nikasema hasa, ndivyo nilivyotaka kusema. Kisha methani. Kaboni katikati na vyeusi vyake vinne, hidrojeni nne pembeni, kila moja na cheupe chake. Jozi nne. Nane kamili kuizunguka kaboni, mbili kwa kila hidrojeni, hakuna kilichobaki wala kilichopungua. Mama akapiga makofi. Mke wangu akatoka jikoni kuja kuangalia. Nilitamani yule mwalimu wangu angekuwepo alie tena.

Jumatano, 8 Mei

Maji. Nani aliyabuni maji?

Nilianza kifua mbele. Oksijeni katikati, vyeusi sita. Hidrojeni mbili, cheupe kimoja kimoja. Nikapanga jozi mbili. Hidrojeni zimetosheka. Safi. Nikatazama sinia: vyeusi vinne vimebaki. Vimekaa tu, havina wenzao. Nikavisogeza huku. Nikavisogeza kule. Mama ananitazama kwa juu ya miwani. Kijasho kikaanza kunitoka.

Nikainamisha kichwa kama mtu anayetafakari, macho yakaangukia pindo la shati langu. Upande wa ndani. Na pale, karibu na lebo, nikakiona. Kifungo cha akiba!

Kila shati zuri linacho. Kiwanda kinakishona ndani, chini, pasipoonekana, ili cha mbele kikikatika usihangaike. Hakifungi chochote. Hakihesabiwi. Mteja akiniuliza shati hili lina vifungo vingapi, cha akiba simtajii. Basi nikamweleza Mama kwamba oksijeni ni atomu ya daraja la juu, inakuja na vifungo vyake vya akiba, na mstaarabu hatembei akiwaonyesha watu akiba yake. Nikavichukua vile vinne, nikavitia mfukoni.

Mama akauliza: jana si nilisema oksijeni inataka nane? Sasa mbona anaona nne? Nikasema oksijeni ina haya.

Akafungua kijitabu, akaweka kidole. Kwenye mchoro wa maji, oksijeni ina nukta pembeni, mbili mahali pamoja na mbili mahali pengine, hazijaungana na mtu. Akauliza hizi ni za nani. Nikasogeza taa. Nikasema ni wino umedondoka, wapiga chapa wa siku hizi hawana umakini kabisa. Akasema hm. Mama ana "hm" moja ambayo, naambiwa, ilikuwa inanyamazisha wodi nzima, wachanga pamoja na baba zao mlangoni.

Amonia tukaipitia mbiombio. Naitrojeni na tano zake, hidrojeni tatu, jozi tatu, viwili vimebaki, mfukoni. Mfuko sasa unalia nikitembea. Kijitabu amekwenda nacho chumbani, anasema atakisoma kidogo asubuhi mapema. Namhurumia. Macho yale, na wino wote ule.

Alhamisi, 9 Mei

Shemeji amekuja. Kaka wa mke wangu, muuzaji wa duka la dawa. Koti lake jeupe halivui hata njiani, watu wanamwita Daktari, na yeye anaitika. Ati alikuwa anapita tu kumsalimia mama. Anayepita tu hapiti na begi tupu la nguo.

Alikuja na pendekezo. Amesikia mama ana mtihani. Yeye kemia aliisomea. Basi mama ahamie kwake leo hii, amfundishe, na hata asipopita akae huko mpaka mwakani, chumba kipo.

Kiti! Kiti kilikuwa kinarudi chenyewe, kwa miguu yake minne! Nilikwisha fungua mdomo kusema mchukue. Lakini kabla sauti haijatoka, Shemeji akaiona sinia. Akaiona methani yangu ya vifungo. Akatabasamu. Tabasamu dogo tu, la upande mmoja. Akasema kwa upole kwamba mtu halaumiwi kwa asichokijua, kila mtu na fani yake, na wengine ni watu wa uzi.

Wa uzi!

Nikamwambia mgonjwa hahamishwi katikati ya dozi. Mwanafunzi wangu haendi popote. Mama akasema basi, amebaki. Mke wangu akafumba macho.

Shemeji akasema vizuri, sasa mwalimu atuchoree kabonidayoksaidi. Tumbo likanikata ghafla. Nilikaa msalani mpaka nikasikia lango likifungwa.

Baadaye ikabidi tuifanye hiyo kabonidayoksaidi. Kaboni katikati, oksijeni huku na huku. Jozi moja huku, jozi moja kule, vilivyobaki vyote mfukoni. Konzi nzima! Mama akauliza kwani haziwezi kushirikiana jozi mbili mbili, maana anaona kaboni bado ina njaa. Nikamwambia huo utakuwa ufujaji wa vifungo. Akasema hm.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeamka na wasiwasi. Si juu ya mafundisho yangu, mafundisho ni thabiti. Wasiwasi ni kumbukumbu ya Mama. Mtu amekula chumvi nyingi. Akisahau je?

Mchana nikaenda duka la dawa la Shemeji, kwa hila. Nyuma ya kaunta yake kuna chati kubwa ukutani, niliikumbuka, yenye maduara mawili mawili yamesogeleana. Nia yangu ilikuwa kuiiba kwa macho. Nikakunja uso, nikashika tumbo, nikasema lile la jana halijapoa. Alipoinama kutafuta dawa nikanyoosha shingo. Chati ya meno! Yale maduara yalikuwa magego. Shemeji akainuka na dawa ya minyoo, akasimama nimeze mbele yake, wateja wote wanaangalia. Nimemeza. Minyoo sina.

Haya. Mtu wa uzi, siyo? Basi ataona uzi.

Mama ana sweta la kijivu, la kufunga mbele, asubuhi ya baridi halimwachi. Leo jioni alikwenda kumtazama jirani aliyejifungua, na akienda kwa mzazi anakaa. Nikalichukua sweta. Upande wa ndani, kifua cha kushoto, nikashona maji, na chini yake amonia. Kifua cha kulia kabonidayoksaidi na naitrojeni. Herufi kwa uzi mwekundu, elektroni kwa vifungo, vyeusi na vyeupe, jozi kwa jozi. Vya akiba nimeviacha. Methani sikuishona, hiyo anaijua. Kazi safi mno! Ukiliangalia kwa nje huoni hata tundu la sindano. Kesho akikwama atainamisha kichwa tu, kama nilivyoinamisha mimi, na jibu liko pale.

Sikumwambia. Mama hapendi njia za mkato, aliwahi kumrudisha mkunga mwanafunzi nyumbani kwa kuosha mikono nusunusu. Nilipokata uzi wa mwisho niliangalia mlango mara mbili, kisha nikaufunga. Ilikuwa baridi.

Jumamosi, 11 Mei

Mama ameondoka na sweta lake. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kwa kinyozi. Kisha nikakikalia kiti kwa majaribio. Sponji imebonyea upande usio wangu, lakini itazoea. Nikafungua redio. Nikamwona muuza maziwa akianguka na baiskeli. Raha!

Mama amerudi adhuhuri bila sweta. Hakunitazama. Shikamoo yangu aliiacha hewani. Aliingia chumbani akafunga mlango, na mke wangu akamfuata.

Nadhani furaha imemzidi. Sweta wamelibakiza chuoni, bila shaka. Mafundi wakiona mshono mzuri hawauachi upite.

Jumapili, 12 Mei

Haikuwa furaha.

Mke wangu amenieleza akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Chumba cha mtihani kilikuwa kimya. Mama aliinama kuandika, kifua kikagusa meza, vifungo vikagonga mbao: ko, ko, ko. Akainuka. Akainama tena: ko, ko. Msimamizi akaja. Sweta likafunguliwa mbele ya watu wote. Mama hakujua lolote, alisimama tu akikitazama kifua chake mwenyewe. Sweta likapelekwa ofisini. Karatasi aliachiwa amalize, lakini jibu atapewa Jumatano, wakishaamua kama ni mwizi wa mtihani.

Neno hilo, mwizi, mke wangu alilitamka polepole. Kisha akaniuliza ni nani katika nyumba hii anayejua kushona kifungo.

Nimeona aibu. Naandika bila mzaha. Miaka yote ile wodini hakuna aliyewahi kumshuku Mama hata kwa kipande cha pamba, na mimi nimemvika wizi mgongoni kama koti. Na sabuni yake, na ile mikono. Chakula hakikupita. Mama hakutoka chumbani, kiti kilikuwa wazi siku nzima, na sikukikalia. Nilikaa stuli.

Lakini la kuvunda halina ubani, basi dawa ni kulichimbia kaburi. Nimepata njia ya kulitengeneza.

Jumatatu, 13 Mei

Njia ilikuwa hii: niende chuoni nikaseme ukweli. Yaani ukweli kwamba Shemeji ndiye aliyeshona. Yeye ana koti jeupe, anajulikana kuwa mtu wa kemia, na kwa kuwa ni kwa faida ya mama yake mzazi hatakasirika sana. Njiani niliufanyia mazoezi huo ukweli mpaka ukanoga.

Langoni mlinzi akauliza nina shida gani. Ulimi ukateleza, nikasema nauza vifungo. Akaangalia koti lake: kimebaki kimoja. Nikamshonea vilivyopungua. Akamwita mpishi, na mpishi akaja na aproni. Mpishi akamwita mtunza bustani, huyo akaja na suruali, ikabidi tungoje akaivue. Mpaka jua linapanda niko kwenye benchi la lango, nashona.

Akapita mama mmoja mrefu, miwani inaning'inia kwa kamba shingoni. Mlinzi akaninong'oneza kwamba ndiye msimamizi wa mitihani. Akasimama. Akatazama mshono wangu. Akatazama uzi mwekundu. Akaniuliza kama mimi ni mkwe wa mtu yeyote. Nikasema hapana, mimi ni yatima. Nikakusanya sindano zangu nikaondoka, suruali ya mtunza bustani nikamwachia mlinzi.

Dukani nimefika mchana. Tajiri, kwa kunikomesha, amenipa droo zote za zipu nizihakiki.

Jumatano, 15 Mei

Wa kwanza! Mama amekuwa wa kwanza kati ya waombaji wote!

Amerudi na sweta mwilini, kaligeuza, ndani nje, vifungo vyote kifuani, barabara nzima imeona mpaka kinyozi kasimamisha mkasi. Shemeji alikuwa kwetu, alikuja kunitazama nikiumbuka. Mama akaketi kitini, akasimulia. Msimamizi alimwita ofisini, akalitandaza sweta upande mmoja wa meza na karatasi upande wa pili. Kwenye sweta, oksijeni ya maji ina nukta nne. Kwenye karatasi ina nane. Kwenye sweta, naitrojeni ya amonia imepungukiwa jozi. Kwenye karatasi jozi ipo. Kabonidayoksaidi ya sweta ina jozi moja kila upande, ya karatasi ina mbili mbili, na kaboni imeshiba. Ile naitrojeni ya peke yake, msimamizi alisema ameigeuza sweta juu chini na bado hajui ni kitu gani. Kisha akasema anayeiba mtihani anaiba jibu, na hapa hakuna jibu hata moja la kuibwa. Sweta limefeli. Mwenye sweta amefaulu.

Shemeji alicheka mpaka machozi. Nikamwambia kifungo cha koti lake kimelegea.

Nikamuuliza Mama, kwa heshima, zile nukta nyingine alizipata wapi. Akasema kila jioni nilipotia vifungo mfukoni, yeye alibaki anavifikiria. Wodini, akasema, ukimaliza kumshona mzazi unahesabu vitambaa, na kimoja kikipungua huendi nyumbani, maana kimebaki ndani ya mtu. Basi aliamka na mapema akasoma kijitabu mpaka mwisho. Zinaitwa jozi pweke. Haziungi atomu hii na ile, lakini zipo, na zinahesabiwa. Na wino, akasema, haudondoki nukta mbili mbili ukurasa baada ya ukurasa.

Halafu akanitazama sawasawa. Akasema aibu ya Jumamosi hataitaja tena, lakini nisije nikamshonea kitu bila kumwambia maisha yangu yote. Nikasema nisamehe, mama. Nilimaanisha. Akasema yamekwisha, mwanangu. Nikaenda jikoni kunywa maji.

Hata hivyo haki itendeke. Mwanafunzi wangu ametoka wa kwanza. Na kama nisingevitia mfukoni, angevifikiria? Hili nimelieleza kwa kirefu kwa mke wangu, akaniomba nizime taa.

Ijumaa, 17 Mei

Asubuhi Mama alikuwa amefunga masanduku yote mawili. Bwenini kimebaki kitanda kimoja, wanaoishi karibu wanaruhusiwa kulala kwao, na lazima aseme leo kama anakichukua. Masanduku niliyabeba mwenyewe mpaka mlangoni. Niliyafuta vumbi. Nilikuwa naimba, mke wangu anasema, wimbo usio na maneno.

Shemeji akafika kumsindikiza. Tumesimama hivyo wote wanne, Mama akasema kuna jambo moja. Kozi ina somo la pili, hesabu za vipimo: magadi kiasi gani, mafuta kiasi gani, moto kiasi gani, maana ukikosea sabuni inamla mtu ngozi. Wanasema ni gumu kuliko kemia. Na yeye amefikiri. Hajawahi kupata mwalimu wa kumfanya asome kwa bidii kama mimi, kila nikimweleza jambo hatulii mpaka akalihakikishe. Kwa hiyo, kama mkwe wake anazijua hizo hesabu, atabaki hapa mwaka mzima, tusome pamoja jioni. Kama hazijui, aseme tu, si dhambi, yeye atachukua kitanda chake bwenini na tutaonana sikukuu.

Si dhambi! Neno moja tu. Sizijui. Masanduku yako mlangoni, kiti kiko wazi, jua la asubuhi limekilalia, redio inaongea peke yake. Ulimi ulikwisha kaa mahali pake.

Nikamtazama Shemeji. Ameegemea nguzo na koti lake jeupe. Anatabasamu. Upande mmoja.

Nikasema hesabu za vipimo kwangu ni kama kunywa maji.

Mama akamkonyeza mke wangu. Au vumbi la masanduku lilimwingia jichoni, sina hakika. Shemeji aliyarudisha masanduku chumbani akisema pole, sikuelewa alimwambia nani. Mama yuko kitini sasa. Ameniambia muuza maziwa kaanguka tena, nije nione, lakini nilipofika alikuwa amekwisha inuka. Naandika haya juu ya stuli, karibu na mlango wa jikoni, upepo unanipiga miguuni.

Sina wasiwasi hata kidogo. Leo dukani nimeivuta droo ya zipu nikaitazama kwa jicho jipya. Zipu ina meno. Meno yamepangwa kwa nafasi sawa, kama alama za rula. Mtu wa uzi, eti! Nimekuja na zipu sita ndefu ndani ya shati, na Mama ana koti moja zito ambalo halijawahi kuwa na zipu.